Wavu wa Chuma wa Nusu Inchi kwa Uwanja wa Kuku: Tathmini Baada ya Miaka Minne

Bidhaa ninayoitathmini hapa ni wavu wa chuma uliochomelewa, wenye matundu ya mraba ya nusu inchi, yaani karibu milimita 13 kila upande, uliotengenezwa kwa waya wa geji 19 ambao unene wake ni takriban milimita moja, ukapakwa zinki na kuuzwa ukiwa umeviringishwa kwa bunda. Nimeutumia kwa miaka minne kuuzungushia uwanja wa kuku ulio nyuma ya nyumba, mahali ambapo rakuni, mnyama wa porini anayetafuta chakula usiku na mwenye mikono yenye ustadi, hupita karibu kila usiku, na kwa muda wote huo sijampoteza kuku hata mmoja ndani ya uzio. Kabla ya hapo niliwapoteza sita kwa usiku mmoja. Kwa sababu hiyo tathmini yangu itauhusu wavu wenyewe kwanza, lakini haitakamilika bila kuzungumzia skrubu, makomeo na mlango, kwa kuwa nimejifunza kwamba wavu mzuri uliofungwa vibaya humwacha kuku katika hatari ileile aliyokuwamo.

Uzio wangu wa kwanza ulikuwa wa waya wa kuku, ule mwembamba wenye matundu ya pembe sita ambao kila mfugaji mpya huununua kwa sababu jina lake linamwahidi kwamba ndio unaofaa. Nilikuwa na mitetea tisa. Asubuhi moja nilikuta manyoya yametapakaa uwanja mzima, kuku sita wamekufa, wengine wakiwa wameliwa sehemu ya shingo na kifua tu, na wale watatu waliosalia wamejibana kwenye kichanja cha juu kabisa bila kutoa sauti. Mmoja wao alikuwa na jeraha chini ya bawa na hakutaga tena kwa wiki kadhaa. Kwenye pembe ya chini ya uzio, waya ulikuwa umefumuliwa na kukunjwa kuelekea nje kama pindo la nguo, na pini za stepla zilizoushikilia kwenye mbao zilikuwa zimetapakaa majanini. Niliziokota moja moja, na hakuna hata moja iliyokuwa imekatika. Zote zilikuwa zimeng'olewa.

Kosa halikuwa la waya peke yake, lakini waya ulikuwa sehemu kubwa ya kosa. Waya wa kuku hufanya kazi moja vizuri, nayo ni kumzuia kuku asitoke. Haukutengenezwa kumzuia mnyama mwenye meno na mikono asiingie. Nyuzi zake huwa nyembamba kuliko milimita moja, tena hazikuchomelewa popote zinapokutana, bali zimesokotwa tu, hivyo uzi mmoja ukikatika zile za jirani hulegea, na tundu dogo hupanuka kila linapovutwa. Mbwa au mbweha aliyedhamiria anaweza kuukata kwa meno. Mbaya zaidi ni ukubwa wa matundu yenyewe, ambayo mara nyingi hufikia inchi moja au hata mbili: rakuni hahitaji kuingia mwili mzima, kwani hupitisha mkono, akamshika kuku aliyelala karibu na uzio kwa mguu au kichwa, akamvuta mpaka pale waya unapomzuia, kisha akala anachoweza kukifikia. Yeyote aliyewahi kukuta kuku wa namna hiyo asubuhi hatahitaji maelezo zaidi kutoka kwangu.

Inafaa kumwelewa mnyama huyu kabla ya kulipia chochote. Rakuni asili yake ni Amerika ya Kaskazini, lakini hayuko huko tu: nchini Ujerumani jozi mbili ziliachiliwa kwa makusudi karibu na ziwa la Edersee mwaka 1934 na uzao wao umeenea mbali, na Japani nayo ina rakuni wa porini waliotokana na wanyama waliofugwa kisha wakatoroka au kuachwa. Ana vidole vitano katika kila mkono, na hisi yake ya kugusa ni kali kupita kiasi, kwa kuwa sehemu kubwa ya eneo la ubongo wake linalopokea hisia imetengwa kwa ajili ya mikono. Anapofika kwenye uzio gizani hahitaji kuona udhaifu ulipo, kwa sababu huupapasa. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtafiti H. B. Davis aliwapa rakuni makomeo 13 ya aina mbalimbali, nao walifaulu kuyafungua 11 kwa kujaribu mara zisizofika kumi, na hawakutatizika hata makomeo hayo yalipopangwa upya au kugeuzwa juu chini. Niliposoma habari hiyo nilirudi uwanjani nikalitazama komeo langu kwa jicho jingine kabisa.

Wavu wa nusu inchi hujibu karibu kila mojawapo ya matatizo hayo. Mkono wa rakuni haupiti. Viungo vyake vimechomelewa, kwa hiyo uzi mmoja ukikatika ule wa pili hubaki mahali pake. Kicheche mdogo, ambaye mwili wake mwembamba unaweza kupenya tundu la sentimita mbili na nusu tu, na ambaye akiingia bandani huua kuku wengi kuliko awezavyo kula, hapati pa kupita. Panya wakubwa wanaoiba mayai na kung'ata vifaranga huzuiwa pia, na hata nyoka wengi wenye ukubwa wa kuweza kumeza yai hushindwa. Kwa mtu anayefuga mahali ambapo hakuna rakuni lakini wapo nguchiro, mbweha, paka au mwewe, hesabu haibadiliki sana, kwa sababu tundu dogo na waya uliochomelewa humfaa kuku dhidi ya wote hao.

Niliwahi kushawishika kununua wavu uliochomelewa wa inchi moja, wenye waya mnene zaidi wa geji 16, ambao ni karibu milimita 1.6. Ni bidhaa nzuri na imara, na sitamlaumu anayeichagua kwa sehemu ya juu ya uzio au kwa paa. Hata hivyo mkono wa rakuni mchanga bado unaweza kupenya humo, na kicheche hupita, kwa hiyo nisingeuweka chini ya kimo cha kuku aliyesimama. Upo pia wavu wenye matundu ya nusu inchi kwa inchi moja uliotengenezwa kwa waya huo mnene. Ningekuwa naanza leo nikiwa na fedha za kutosha, ningeupima huo kwanza kwa ajili ya sehemu ya chini, kwa sababu unene wake humshinda hata mbwa mkubwa.

Katika kununua, mambo mawili huwakosesha watu. La kwanza ni namba ya geji, ambayo huenda kinyume na matarajio, kwani namba ikiwa kubwa waya huwa mwembamba. Nimeona mabunda ya geji 23 yakiuzwa kwa sura ileile na matundu yaleyale, na mnunuzi asipouminya waya kwa vidole hatajua kwamba amechukua kitu kinachokunjika kama karatasi. Ni salama zaidi kuuliza unene kwa milimita. La pili ni wakati wavu ulipopakwa zinki. Upo uliotengenezwa kwa nyaya zilizokwisha kupakwa zinki kisha zikachomelewa, na upo uliochomelewa kwanza kisha wavu mzima ukatumbukizwa katika zinki iliyoyeyuka. Katika aina ya kwanza moto wa kuchomelea huunguza zinki pale hasa nyaya zinapokutana, na kutu huanzia hapo. Katika aina ya pili kila kiungo hufunikwa, na ukitazama kwa makini utaona vijitone vya zinki vimeganda kwenye pembe za matundu. Wavu wangu ni wa aina ya kwanza, isipokuwa kipande kimoja nilichoongeza mwaka wa pili, na tofauti kati yake sasa inaonekana kwa macho, kama nitakavyoeleza mbele.

Kuufanyia kazi si jambo la starehe. Bunda likifunguliwa hutaka kurudi kujiviringisha, na ncha zilizokatwa ni kali kiasi cha kupasua glavu za kitambaa, hivyo nilibadilisha nikavaa za ngozi. Mkasi wa kukatia bati hufanya kazi haraka kuliko koleo, ingawa mkono utachoka, na ni vizuri kukata karibu kabisa na kiungo ili zisibaki ncha ndefu zitakazomchoma kuku au mtoto atakayepita hapo. Nisisitize jambo moja ambalo muuzaji hatakuambia: vipande vidogo vya waya vinavyoanguka wakati wa kukata ni hatari kwa kuku wenyewe. Kuku hudonoa kila kinachong'aa. Kipande kikimezwa kinaweza kutoboa firigisi, na zinki iliyomo inaweza kumtia sumu. Nilikatia kila kitu juu ya turubai mbali na uwanja, na baada ya kazi nilipitisha sumaku ardhini mara mbili, na hata mara ya pili ilirudi na vipande vitatu.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo ningeomba msomaji aisome polepole, yaani namna ya kuufunga wavu kwenye mbao. Niliponunua wavu mpya niliufunga kwa stepla ileile ya awali, nikiamini kwamba udhaifu ulikuwa wa waya. Haikupita wiki ya tatu nikakuta upande mmoja umefunuliwa kutoka chini hadi kimo cha goti, wavu ukiwa mzima kabisa bila uzi hata mmoja kukatika, pini zikiwa zimeng'oka kwa mpangilio kutoka ya kwanza hadi ya kumi na kitu. Kuku walipona kwa sababu usiku huo walikuwa wamefungiwa bandani na mlango wa banda ulishika. Rakuni mkubwa anaweza kufikia kilo kumi au zaidi, na anapopata ukingo wa kuushika kwa vidole, uzito huo wote huwa unavuta. Pini ya stepla inayoingia milimita kumi tu ndani ya mbao laini haiwezi kustahimili mvuto kama huo usiku baada ya usiku, tena mbao zinapolowa na kukauka huzidi kuilegeza.

Nilitoa pini zote nikatumia skrubu zenye washa pana (pete bapa za chuma zinazokaa chini ya kichwa cha skrubu), moja kila sentimita 10 katika nusu ya chini na kila sentimita 20 juu, na juu ya ukingo wa wavu nikapigilia ubao mwembamba ili wavu ubanwe katikati ya mbao mbili na ukingo wake usipatikane kwa vidole. Misumari ya umbo la U iliyo mirefu na minene hufaa pia pale ambapo hakuna nafasi ya ubao. Pale vipande viwili vya wavu vinapokutana nimevipishanisha sentimita 10 na kuvishona kwa waya, kwa kuwa mwanya kati ya vipande viwili ni mlango tosha. Kazi hii ya kufunga ilinichukua muda mrefu kuliko kazi nyingine zote kwa pamoja, na ndiyo iliyoleta usalama. Tangu nilipoimaliza nimeona alama za tope za mikono kwenye mbao na nyayo zinazouzunguka uwanja, lakini hakuna skrubu hata moja iliyolegea kwa kuvutwa.

Chini ya uzio nilikuwa na hiari mbili: kuuzika wavu wima ndani ya ardhi kwa sentimita 30 au zaidi, au kuulaza juu ya ardhi kuelekea nje kama aproni yenye upana wa sentimita 60. Nilijaribu kuchimba upande mmoja na kukutana na mawe na mizizi, na pande tatu zilizobaki nikazilaza aproni. Baada ya miaka minne naiona aproni kuwa bora zaidi. Mnyama anayechimba, awe mbweha, mbwa au rakuni, huanza kuchimba pale ukuta unapogusa ardhi, na anapokutana na wavu chini ya kucha zake huhama hatua moja kulia au kushoto akajaribu tena, lakini mara chache sana hurudi nyuma sentimita 60 ili aanzie nje ya ukingo. Aproni ikishikizwa kwa vigingi vya chuma na kufunikwa udongo kidogo, nyasi huota kupitia matundu na ndani ya msimu mmoja huushika wavu kiasi kwamba hauwezi kuinuliwa kwa mkono. Tena ukaguzi wake ni rahisi, ilhali ule uliozikwa huoza kimyakimya pasipo mtu kujua. Ni lazima tu kuunganisha aproni na uzio wenyewe bila mwanya. Mimi niliukunja wavu mmoja kwa umbo la herufi L ili kusiwe na kiungo pale chini.

Paa lilinifunza somo la haraka. Nilikuwa nimetandaza chandarua cha nailoni, kinachotosha kabisa kumzuia mwewe mchana, na nikadhani kimo cha mita mbili kitawashinda wengine. Rakuni hupanda nguzo ya mbao kama ngazi na hukata nailoni bila shida. Sasa nusu ya uwanja ina bati, ambapo kuku hujikinga na mvua, na nusu nyingine ina wavu uleule wa chuma uliokazwa juu ya mihimili. Anayeishi mahali penye theluji nzito afahamu kwamba matundu ya nusu inchi huishika theluji badala ya kuipitisha, na uzito huo unaweza kuivunja mihimili iliyowekwa mbalimbali, kwa hiyo aisogeze karibu au achague bati lenye mteremko.

Kuhusu makomeo sina budi kuwa mkali. Ndoana ya kawaida inayoingia kwenye pete, komeo la kusukuma upande, kipande cha mti kinachozunguka kwenye msumari: vyote hivyo rakuni huvifungua, kwani kila kimoja huhitaji mwendo mmoja tu wa kuinua, kusukuma au kuzungusha. Kinachomshinda ni komeo linalodai mambo mawili yafanyike kwa wakati mmoja, kwa mfano kubonyeza springi huku ukivuta. Wafugaji wengi hupima kwa kuuliza kama mtoto wa miaka mitatu angeweza kulifungua, na naona kipimo hicho ni cha haki. Mimi natumia kipingo chenye pete ambayo ndani yake naingiza karabina, yaani ndoana ya chuma inayojifunga kwa springi, yenye kikonyo cha kuzungusha, na kila mlango una vipingo viwili, juu na chini, kwa sababu mlango ulioshikwa katikati tu unaweza kuvutwa pembeni mpaka mkono ukapenya. Bawaba nazo zifungwe kwa bolti zinazopita mbao zima na kukazwa kwa nati upande wa ndani. Usisahau kisanduku cha mayai, ambacho wengi hukiacha na kifuniko cha kuinua tu, kana kwamba mwizi wa usiku hakijui.

Mlango wa banda unaojifunga wenyewe kwa mota nimeutumia kwa miaka miwili, na nauheshimu kwa masharti. Faida yake ni kubwa, kwani hatari kubwa kuliko zote ni binadamu aliyechelewa kurudi nyumbani au aliyesahau, na kifaa hiki hakisahau. Kina kihisio cha mwanga na saa, na ninavitumia vyote viwili ili wingu zito la alasiri lisije likakifunga mapema. Masharti yangu ni haya. Ubao wa mlango ukishashuka usiweze kuinuliwa kwa mkono kutoka nje. Katika kifaa cha kwanza nilichonunua ubao ulining'inia kwa uzi, na kidole kimoja kiliuinua bila upinzani wowote, hivyo nilikirudisha. Cha sasa huushikilia ubao kwa gia ambazo hazirudi nyuma zikisukumwa, na ncha ya chini ya ubao huingia ndani ya mfereji ambao vidole haviufikii. Kiwe pia na uwezo wa kusimama kinapomgusa kuku aliye kizingitini. Betri hudhoofika katika baridi kali, kwa hiyo hukaguliwa kabla ya msimu wa baridi. Na hakuna kifaa kinachojua idadi ya kuku wako: tembe mmoja aliyechelewa kuingia atabaki nje mlango ukifungwa, na kwa hiyo bado nakwenda na tochi kila jioni kuwahesabu.

Taa zinazowaka kwa mwendo, redio iliyoachwa ikilia usiku kucha, vimulimuli vyekundu vinavyouzwa kwa madai kwamba vinafanana na macho ya mnyama mkali, na dawa za kunyunyizia zenye harufu, nimevijaribu kwa zamu na siwezi kupendekeza hata kimoja kama kinga. Taa ilifanya kazi kwa siku tano. Siku ya sita nyayo zilipita chini yake.

Uzio wa umeme ni habari nyingine. Waya mmoja uliozungushwa nje ya uwanja kwa kimo cha sentimita 15 hivi kutoka ardhini, na wa pili karibu sentimita 30, ukiunganishwa na kifaa kinachotoa mshtuko wa volti elfu kadhaa kwa nukta fupi mno, humfanya rakuni agusane nao kwa pua au mkono, sehemu ambazo hana manyoya ya kumkinga, na anayeguswa mara moja huwa na sababu ya kutorudi. Umeme huo huuma bila kujeruhi. Nauona kuwa nyongeza bora kwa mtu ambaye wavu wake umekwisha kufungwa vizuri. Peke yake hautoshi, kwa kuwa nyasi ndefu zikiugusa hupeleka umeme ardhini, na betri iliyokwisha haina onyo. Wenye watoto wadogo wajifunze kwanza namna ya kuuzima.

Kasoro za wavu wa nusu inchi ninazozijua baada ya muda huu ni kadhaa. Bei yake ni kubwa kuliko ya waya wa kuku, tena kwa kiasi kinachoweza kumfanya mtu apunguze ukubwa wa uwanja wake, na ningemshauri aupunguze kweli kuliko kupunguza ubora. Panya wadogo wa nyumbani bado hupita. Kwa hao, suluhisho langu limekuwa kuondoa chakula jioni na kukihifadhi katika pipa la bati lenye kifuniko cha kubana, jambo ambalo pia limepunguza sababu ya rakuni kuja. Kutu imeanza. Pale ambapo wavu unagusa udongo, hasa upande niliouzika, viungo vimegeuka rangi ya kahawia na katika sehemu mbili uzi ulikatika nilipouvuta kwa koleo. Kile kipande kilichotumbukizwa katika zinki baada ya kuchomelewa, kilicholala kwenye udongo huohuo mwaka mmoja pungufu, bado ni cha kijivu kitupu. Kama muuzaji anazo aina zote mbili, tofauti ya bei ilipwe angalau kwa aproni.

Neno kuhusu afya, kwa kuwa kazi hii humkaribisha mtu kwenye mabaki ya rakuni. Kinyesi chake kinaweza kubeba mayai ya mnyoo aitwaye Baylisascaris procyonis, ambao humdhuru binadamu vibaya ukimwingia, na rakuni katika Amerika ya Kaskazini ni miongoni mwa wanyama wanaobeba kichaa cha mbwa. Nikikuta kinyesi juu ya bati au karibu na uzio, nakiondoa kwa glavu na koleo refu kabla hakijakauka, na pale palipokuwa nacho namwagia maji yanayochemka. Rakuni anayeonekana mlegevu au asiyeogopa watu haguswi kamwe. Kumwona mchana peke yake si dalili ya ugonjwa, kwani mama mwenye watoto hutoka kutafuta chakula saa yoyote.

Kwa mtu anayetaka kununua lakini hana uwezo wa kufanya kila kitu kwa mara moja, mpangilio wangu ungekuwa kuanzia bandani. Kuku haoni vizuri gizani, na akishapanda kichanjani usiku hukaa hapohapo hata adui akiwa mbele yake, kwa hiyo chumba anacholala ndicho kinachostahili mita za kwanza za wavu huu: madirisha yote ya hewa, hata yale ya juu chini ya paa, na kila mwanya unaozidi nusu inchi, pamoja na makomeo ya hatua mbili. Baada ya hapo ije sehemu ya chini ya uwanja hadi kimo cha mita moja na aproni yake, na paa lifuate. Katika kipindi hicho cha katikati, kuku wawe huru mchana mkiwepo nyumbani na wafungiwe kabla jua halijazama. Bunda moja lenye upana wa sentimita 120 hutoa uzio wa sentimita 60 na aproni ya sentimita 60 kwa kukunjwa mara moja tu, bila kukata, na kwa sababu hiyo naona upana huo ndio wenye manufaa zaidi kuliko wa sentimita 90. Juu ya hizo sentimita 60 nimeongeza kipande kingine, nikikipishanisha na cha chini.

Wavu huu naupa alama tisa kati ya kumi, na ile moja niliyoipunguza ni ya kutu kwenye viungo. Mwezi ujao nitabadilisha mita nne za upande wa kaskazini, ule niliouzika, niweke aproni ya wavu uliotumbukizwa katika zinki. Nimekwisha kununua bunda, na nguzo za upande huo nimezikagua, nazo bado ni nzima. Wale mitetea watatu wa usiku ule, wawili wangali hai. Yule aliyejeruhiwa bawa hulala mpaka leo kwenye ncha ya kichanja iliyo mbali zaidi na dirisha.